Kitwitwi, Mchokonoa Meno ya Wakubwa

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Bwawa, bibi, na sisi kandoni.

Basi sogeeni kandoni hapo, mfumbe midomo, maana leo nasema habari za midomo iliyokuwa wazi.

Hapo zamani, zamani sana, kabla bibi yangu hajaota meno, palikuwa na bwawa katika nchi kavu. Wanyama wote walikunywa hapo. Aliyefika mapema alikunywa mapema, aliyechelewa alikunywa tope kidogo akanung'unika, basi, yakaisha.

Siku moja akaja Mamba kutoka chini ya mto. Hakuja kwa vita. Alikuja kwa adabu, amevua kofia, kama mgeni anayeomba kupumzisha mgongo.

"Hodi, wenyeji," akasema. "Naona mna bwawa zuri, ila halina mlinzi."

"Utalilinda dhidi ya nani?" Kobe akamuuliza.

"Dhidi ya wabaya," akasema Mamba.

Na kweli, tangu siku ile hakuja mbaya mwingine.

Ukingoni mwa bwawa, pale mchangani, palikuwa na jiwe bapa. Mamba akapanda jiweni, akalala kifudifudi, akaachama. Mdomo wazi, meno nje, macho nusu yamefungwa. Akatoa amri moja tu: kila anayekuja kunywa maji aje kinyumenyume. Ukimuuliza kwa nini, anasema ni heshima. Wanyama wakajifunza kutembea kinyumenyume, matako mbele, kichwa nyuma. Na anayekuja kinyumenyume haoni kinachomla, au sivyo?

Mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kuja kwa mbele. Huyo ni Bi Kitwitwi.

Mnamjua Kitwitwi. Yule ndege mdogo wa ukingoni, miguu kama njiti, mdomo kama sindano ya kushonea magunia. Kazi yake ilikuwa kuingia katika mdomo wa Mamba na kumchokonoa meno. Alichokitoa ndicho alichokula. Na hakulipenda jiwe lile kwa chakula peke yake. Kitwitwi hajengi kiota. Hufukua mchanga kidogo, akataga hapo hapo wazi, mayai yenye madoa ya kahawia. Mwaka ule alikuwa na mayai matatu, chini ya jiwe la Mamba.

"Nichokonoe vizuri," Mamba alimwambia, "na mayai yako hayataguswa na mtu."

Na hayakuguswa. Nani angethubutu? Kitwitwi akawa mtu wa jumba kubwa. Alitembea kidari mbele, hata salamu akazipunguza. Lakini umbea hakuupunguza. Ndege huyu alipenda habari za watu kuliko nzi. Nani kagombana na mkwewe, nani kaonekana wapi na nani, zote zilikuwa zake. Akishazipata hulala nazo? Hawezi. Mimi namwelewa.

Wanyama wakavumilia, wakavumilia, wakachoka. Mwaka ule wa mayai matatu ukawa wa ukame, wakaambiana chinichini, na asubuhi moja wakaja bwawani wote kwa pamoja, kwa mbele. Pembe, kwato, macho. Mamba hakuwahi kuyaona macho yao hata siku moja. Akayatazama, yakamtazama. Akafumba mdomo, akachukua kofia yake, akateremka hadi kwenye kona ya mto.

"Sijafukuzwa," akasema akiwa majini. "Ninapumzika."

Basi wakacheza ngoma ya uhuru. Walicheza mpaka nyumbu wakakosa sauti na kwato zikauma. Walipochoka wakaketi, wakatazamana. Sasa?

Kobe akasema, "Tukae hapa mchangani, kila mmoja aseme lake, tupange namna ya kunywa na namna ya kuzibua chemchemi inayolijaza bwawa."

Wakamwambia, "Mzee Kobe, mawazo yako ya polepole mno. Nchi inataka mkubwa."

Wakamchagua Kiboko. Kwa nini Kiboko? Kwa sababu ndiye pekee aliyelingana na Mamba kwa kitambi. Hawakutafuta sifa nyingine.

Kiboko akasimama katikati yao, akajikuna. "Nashukuru," akasema. "Sasa nifanye nini?"

Hakuna aliyejua. Katika maisha yao walikuwa wamemjua mtawala mmoja tu, tena kwa mgongo. Wakageuka wote wakamtazama Bi Kitwitwi.

"Wewe ulikuwa karibu," wakamwambia. "Kutawala kunafanywaje?"

Kitwitwi akafikiri. Akayafikiria mayai yake. Mkubwa asipolala juu ya jiwe, mayai yangu atayalinda nani? Akakohoa kidogo, kama watu wa jumba kubwa wanavyokohoa.

"Kutawala," akasema, "ni kulala juu ya jiwe, ukaachama, ukachokonolewa meno."

"Basi?" akauliza Kiboko.

"Basi."

"Na ile ya kuja kinyumenyume?"

"Hiyo ndiyo kutawala kwenyewe."

Kiboko akapanda jiweni. Alipokuwa akipanda ilisikika sauti ndogo chini ya mguu wake, kama mtu aliyekanyaga jani kavu. Lilikuwa yai.

"Pole, Bi Kitwitwi," Kiboko akasema, bila kutazama chini. "Nchi bado changa, mambo ni mengi."

Kitwitwi akalia kidogo. Kisha akayatazama mayai mawili yaliyobaki, akapangusa machozi, akaingia mdomoni.

Mheshimiwa Kiboko akatangaza kwamba matete yaliyo kwenye chemchemi yasiliwe na mtu. Yakiliwa, chemchemi itapigwa na jua na maji yatakauka. Wote wakakubali. Wakalala njaa na matete wanayaona. Mheshimiwa naye akasema amefunga pamoja nao, na akazidi kunenepa.

Siku moja Kitwitwi anachokonoa, anachokonoa, akavuta uzi wa kijani. Akauvuta tena. Tete bichi.

Akatoka mbio hadi kwa jirani yake, Kanga. "Shoga," akamwambia, "mimi sisemi. Ila nakuuliza tu. Siku hizi matete yanaota kwenye meno?"

"Ya nani?"

"Mimi sisemi, shoga."

Kanga akampelekea Kuro, yule swala mkubwa wa kandokando ya maji, akamwapisha asimwambie mtu. Kuro akampelekea Ngiri, akamwapisha vilevile. Habari ilipomfikia Nyani, Kiboko alikuwa ameshakula matete yote, ameinywa chemchemi, na kilima kimoja amekibakiza cha kesho. Nyani akapanda juu ya kichuguu akahutubia. Jua halijazama, Kiboko alikuwa amesukumwa majini, na huko ndiko aliko mpaka leo, anachungulia kwa pua.

Kwenye kona ya mto yakaonekana macho mawili juu ya maji. "Poleni, majirani," Mamba akasema. "Nasikia kelele. Mkihitaji mtu mwenye uzoefu, mimi nipo."

Akaingia Nyani.

Huyu alikuwa na maneno. "Ndugu zangu," akasema, "wakubwa wamekwisha. Jiwe hili ni la wote. Hakuna atakayelala hapa tena." Wakampigia makofi. Akakaa juu ya jiwe.

"Ndugu Nyani, si umesema hakuna?" Kobe akauliza.

"Nimesema hakuna atakayelala. Mimi nimekaa, tena kwa niaba yenu."

Alikaa asubuhi. Mchana mgongo ukamuuma, akaegemea. Jioni alikuwa kifudifudi. Kesho yake akamwita Kitwitwi, mdomo wazi, meno marefu kama vigingi.

"Ndugu," Kitwitwi akasema, "huku si kuachama?"

"Siachami," akasema Nyani. "Napumua."

Na wanyama wakaendelea kuja kinyumenyume. Ndugu Nyani aliwaeleza kwamba zamani walikwenda kinyumenyume kwa kulazimishwa, ila sasa wanakwenda kinyumenyume kwa hiari. Wakaona ni tofauti kubwa.

Kitwitwi akachokonoa. Siku ya kwanza ganda la njugu. Siku ya pili kokwa. Siku ya tatu akatoa kipande kidogo, chepesi, kigumu kama kucha. Akakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa na madoa ya kahawia.

Alikimbia mchangani. Yai lilikuwa moja.

Nawaambieni, kwa mara ya kwanza tangu aanguliwe, Kitwitwi hakuwa na la kusema. Alikwenda kwa Kanga, akaliweka lile ganda miguuni pake, akanyamaza. Kanga naye anataga. Alilitazama ganda, akamtazama shoga yake, akainua shingo na kupiga yowe lake lile mnalolijua. Halikuhitaji kuzidishwa chumvi. Nyani akakimbilia juu ya mti, na akina mama wa bwawa zima wakasimama chini wakimtukana kwa zamu.

Kwenye kona ya mto, macho mawili. "Poleni, majirani. Mimi nipo."

Akaingia Fisi, pamoja na kaka zake. Huyu hakuhutubia. Alisema, "Kuanzia leo mtaniita Afande, na kuanzia leo kuna utulivu." Akapiga marufuku kunong'ona. Kucheka akajiachia mwenyewe.

Sasa, Kobe alikuwa na ngoma. Ikipigwa, kila mnyama hutoka alipo akaja kukutana na wenzake. Asubuhi moja Kobe aliamka akakuta umebaki mzinga wa mti. Ngozi hakuna. Na bila ngozi, nani ataitana na nani?

Fisi akasikitika sana. Akaunda tume ya uchunguzi. Mwenyekiti wa tume, Fisi. Makamu mwenyekiti, kaka yake Fisi. Karani, shemeji yake Fisi. Tume ikaketi, ikala, ikasema uchunguzi unaendelea.

Kisha akamwita Kitwitwi.

"Bibi," akamwambia, "walionitangulia waliangushwa na meno yao. Mimi si mjinga. Utanichokonoa, na utakachokikuta utakimeza. Ukikitoa nje, lile yai lako la mwisho najua lilipo."

Kitwitwi akalitazama yai lake. Lilikuwa linakaribia kuanguliwa. Ukilitegea sikio ulisikia kitu kikijigusagusa ndani. Angefanyaje? Akaingia.

Harufu ya mdomo ule siielezi, kuna watu hapa hawajala bado. Akapapasa kwenye gego la nyuma, mdomo wake ukanasa kwenye kitu. Akavuta. Kikatoka kipande cha ngozi, kina tundu la kigingi, kina nywele chache pembeni. Ngozi ya ngoma.

Akijaribu kukimeza, hakipiti. Kipande kikubwa kuliko yeye. Na Fisi anangoja, ulimi umeanza kusogea.

Kitwitwi akafanya kile alichokijua. "Afande," akasema, hukohuko mdomoni, "mimi sisemi. Lakini umesikia wanavyomsema mwenyekiti wa tume?"

Fisi akaguna, maana mdomo ulikuwa wazi. Aliguna kuuliza: wanasemaje?

"Wanasema ni hodari kuliko wachunguzi wote. Kila alikopita mwizi, na yeye yupo. Mwizi akila, yeye anashiba."

Fisi alijaribu kujizuia. Lakini Fisi akianza kucheka, hata yeye mwenyewe hajiwezi. Alicheka mpaka mbavu zikamcheza na mdomo ukapanuka kama pango. Kitwitwi akachomoka, ngozi mdomoni, akaangukia katikati ya wanyama waliokuwa wakinywa maji, migongo yote kwa jiwe.

"Geukeni," akasema.

Hawakugeuka. Walikuwa wamezoea.

"Geukeni, majirani. Mtatawaliwa kwa mgongo mpaka lini?"

Kuro akageuka kwanza. Kisha Ngiri. Kisha wote. Wakaiona ngozi ya ngoma, wakamwona mwenyekiti wa tume akijishika mbavu. Fisi akaliruka jiwe kulifuata yai, maana alikuwa ameahidi. Lakini juu ya yai palikuwa na Kobe. Alianza safari tangu asubuhi, alipomwona Kitwitwi akiitwa jiweni, polepole, na alikuwa ameshafika. Fisi akauma gamba, jino likalia. Akaona pembe zinakuja. Akakimbia, mkia katikati ya miguu, na kicheko bado hakijamwisha. Kaka zake wakamfuata.

Wanyama wakamfukuza hadi vichakani. Waliporudi, jasho linawatoka, jiwe lilikuwa na mtu.

Mamba amelala juu yake, kifudifudi. Kofia ameiweka pembeni.

"Poleni," akasema kwa upole. "Naona mmechoka."

Na walikuwa wamechoka kweli, tusiwacheke sana. Huyu akawakanyaga, huyu akawaibia, huyu akawatisha. Chemchemi imejaa tope na hakuna aliyeizibua tangu uhuru. Ngiri akasema kwa sauti ndogo, "Huyu angalau alikuwa na utaratibu." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Na Kanga, maskini, akajikuta amegeuka na anarudi nyuma, hatua moja, hatua mbili. Miguu ilikumbuka yenyewe.

Mamba akaachama. "Bi Kitwitwi, mwanangu," akasema. "Tangu niondoke sijachokonolewa. Njoo. Yai lako nitalilinda mimi. Je, nilipokuwapo, liliguswa hata moja?"

Halikuguswa. Hapo hakusema uongo, na Kitwitwi alilijua hilo. Akautazama ule mdomo. Akalitazama yai lake chini ya tumbo la Kobe. Wanyama wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Bwana Mkubwa," akasema, "umbea wote wa bwawa hili nimeusema mimi. Matete ya Kiboko niliyasema. Ganda la Nyani nililipeleka. Ngozi ya Fisi nimeitoa mbele za watu. Habari moja tu sijaisema. Sijawahi kusema nilichokuwa nakitoa katika meno yako. Nilikuwa nakitoa, nakijua ni cha nani, nakila, na mama yake anakuja kunywa maji kinyumenyume hapo mbele yangu."

Kuro akainamisha kichwa. Alikuwa na wana wawili enzi zile, sasa alikuwa na mmoja.

"Siji," akasema Kitwitwi.

Akageuka, akatembea hadi kwenye yai lake, akaketi karibu na Kobe. Kuro alisimama kitambo. Kisha naye akaja, akasimama upande wa pili wa yai. Hakumwambia Kitwitwi neno, na wala hakumsamehe siku ile. Alisimama tu. Ngiri akaja. Kanga akaikemea miguu yake, akaja.

Mamba akangoja, mdomo wazi. Jua likapanda. Nzi wakaingia, wakazunguka, wakaleta jamaa zao. Nyama ya juzi ikaanza kuvimbisha fizi. Hakuna aliyemrushia jiwe, hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyekwenda. Unaweza kuachama namna gani peke yako? Ulimi ukakauka. Mwishowe akafumba mdomo, akateleza majini polepole, na safari hii hakusema kwamba anapumzika.

Siku ileile, chini ya kelele zile, yai likapasuka. Akatoka kitoto cha Kitwitwi, kimelowa, miguu njiti. Kikatazama huku, kikatazama kule, na neno lake la kwanza likawa, "Mama, yule aliyeondoka ni nani, na kafanyaje?"

Mama yake akamweleza yote. Hata ile habari moja.

Na wanyama? Wakaketi mchangani, jiwe wakawaachia mijusi. Mniulize kama walipatana. Hawakupatana. Walibishana mpaka jua likazama, kesho yake wakabishana tena, Ngiri akasusa, akarudi. Lakini walibishana wakitazamana usoni, na kati ya ugomvi na ugomvi chemchemi ikazibuliwa.

Ndiyo maana mpaka leo ukimwona Mamba ukingoni amelala mdomo wazi, usidhani amechoka. Anamngoja wa kumchokonoa. Na ndiyo maana Kitwitwi hukimbia pembeni mwa maji akijitafutia kwenye tope, mkia unachezacheza, kila akifika kwa mtu anainama. Anaomba radhi, mtaa kwa mtaa. Nimesikia kwamba wapo Kitwitwi wengine, siwataji, bado huenda kule kwa Mamba asubuhi na mapema. Mimi sisemi.

Funzo ni hili, wajukuu zangu. Mbaya hakai juu ya jiwe kwa nguvu za meno yake peke yake. Anakaa kwa sababu yuko mdogo mmoja anayemsafishia, na wakubwa wengi waliompa mgongo. Kumbadilisha wa juu ya jiwe ni rahisi, wale walimbadilisha mara tatu. Kazi ni kugeuka mtazame, na kumnyima wa kumchokonoa.

Hadithi yangu imefika majini, imekunywa, imekwenda zake. Ikiwa tamu, mpelekeeni jirani. Ikiwa chungu, msiseme mmeisikia kwangu.